Nyimbo za zamani na kumbukumbu za wazee wa Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili wa kuzikusanya

Ukimwambia mzee wa Tukuyu au Njombe, "Babu, nisimulie ujana wako," utajibiwa kwa sentensi mbili: tulilima, tulisoma kidogo, Mungu akatujalia. Anaishia hapo na kukuuliza umekula. Hakufichi kitu. Swali lako ni pana mno, hana pa kushikia. Lakini mwekee wimbo aliokuwa akiusikia akiwa na miaka kumi na minane, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha ataanza kutaja majina ya watu ambao hujawahi kuwasikia.

Jambo hili limechunguzwa. Wataalamu wa kumbukumbu wamekuta kwamba mtu mzima anayakumbuka zaidi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 kuliko ya vipindi vingine vingi vya maisha yake. Mwaka 2009 Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha utafiti uliopima ubongo wa watu wakisikiliza nyimbo za ujana wao. Wimbo uliomrudishia mtu mambo yake binafsi ulichangamsha sehemu ya katikati ya ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso. Sehemu hiyo, kwa wagonjwa wa Alzheimer, huchelewa kuharibika kuliko nyingine nyingi. Huenda ndiyo maana bibi aliyesahau jina la mkwewe anaweza kuimba tenzi nzima bila kukosea.

Mwongozo huu ni kwa yeyote mwenye mzee Mbeya, Songwe, Iringa au Njombe, mwenye simu ya kurekodi na subira.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya umri

Chukua mwaka wa kuzaliwa, ongeza 15. Kisha chukua tena mwaka uleule wa kuzaliwa, ongeza 25. Kati ya miaka hiyo miwili ndiko utakakotafuta nyimbo. Aliyezaliwa 1945 mtafutie nyimbo za 1960 hadi 1970. Wengi huchukua wimbo wowote uliochakaa wakadhani kila mzee ataupenda, kumbe wimbo wa 1985 kwa mtu wa 1945 ni wimbo wa watoto wake.

Kama mwaka wa kuzaliwa haujulikani, au ulikadiriwa siku ya ubatizo, uliza kwa matukio. Uhuru, Desemba 1961, ulikuwa umeanza shule? Azimio la Arusha, Februari 1967, ulikuwa umeoa? Wachina walipokuwa wanajenga reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975, ulikuwa kijana wa kubeba zege au bado unachunga? Mtu wa Makambako au Mlimba atakujibu hilo la reli kabla hujamaliza kuuliza.

Kwa muziki wa dansi, vipindi viko hivi kwa ujumla. Waliokuwa vijana kabla ya katikati ya miaka ya 1960 ni watu wa santuri na gramafoni: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki 1965, pamoja na rumba kutoka Kongo. Baada yao wanakuja watu wa Radio Tanzania Dar es Salaam: Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 ni zama za Mlimani Park, JUWATA, Vijana Jazz na Marijani Rajabu. Kwa watu wa Iringa, hapo usiisahau Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi kilichokuwa palepale mjini. Mtu wa Iringa aliyekuwa kijana miaka ya 1980 anaweza asiwe shabiki wa dansi kabisa, lakini Tancut atakuwa na la kusema, angalau kuhusu nani alitoroka nyumbani usiku kwenda kuicheki.

Hatua ya pili: usikimbilie dansi

Hatua hii ndiyo inayoamua kama utapata kitu au utaambulia kicheko na "enzi hizo bwana". Zilipendwa za redioni ni rahisi kupatikana, kwa hiyo kila mtu huanzia hapo. Kwa wanawake wengi wa vijijini kwetu, dansi haikuwa sehemu ya ujana wao hata kidogo. Ukumbi ulikuwa mjini, redio ilikuwa ya mwenye duka au ya mwalimu, na betri zilitunzwa kwa ajili ya taarifa ya habari. Nyimbo zao ni nyingine, na zitafute kwanza.

Anza na kanisa. Wamoravian na Waluteri wa Berlin walifika Unyakyusa 1891. Wakatoliki wako Tosamaganga tangu miaka ya 1890. Maana yake ni kwamba mzee wa leo alilelewa na wazazi, pengine na babu, waliokwisha kuimba kwa kitabu. Mwombe akuonyeshe kitabu chake cha nyimbo. Tazama kurasa zilizochafuka kwa vidole: hizo namba ndizo zako. Uliza pia kama aliwahi kuimba kwaya, na sauti gani. Mtu aliyeimba besi au alto atakukumbukia sauti yake peke yake, si ile ya wote, na ataanza kukutajia walivyosimama: nani kulia, nani kushoto, nani alikuwa anaharibu.

Kisha shule. Mchakamchaka wa alfajiri, nyimbo za gwaride, nyimbo za kumpokea mgeni wa serikali. Waliosoma bweni Malangali, Loleza au Rungwe wana nyimbo ambazo hazimo kwenye kanda yoyote, itabidi wewe uanze kuimba ovyo ili akurekebishe. Hiyo ni mbinu nzuri sana. Mzee akisikia wimbo wake unaharibiwa hawezi kunyamaza. Aliyemaliza kidato cha sita kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipitia JKT kwa lazima. Kama alikuwa Mafinga wakati wa baridi, nyimbo za kukimbia asubuhi zitakuja na maneno mengine ambayo huenda usiyaandike.

Ngoma na kazi: mganda wa watu wa Ludewa na mwambao wa Ziwa Nyasa, nyimbo za harusi, nyimbo za kutwanga, nyimbo za kulima kwa kusaidiana ambako jioni kulikuwa na pombe. Iringa kuna ligombo, chombo cha nyuzi cha Wahehe. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika akirekodi muziki mwaka 1950, alikirekodi, na baadhi ya rekodi zake zinasikika mtandaoni. Ukipata nafasi mwekee mzee wa Kihehe sauti ya ligombo, hata kama yeye hakuwa mpigaji.

Mwisho wa hatua hii, uliza swali moja: ulipokuwa na miaka ishirini ulikuwa unaishi wapi? Wanaume wengi wa huku hawakuwa nyumbani. Walikuwa manamba kwenye mkonge Tanga na Morogoro, walikuwa Lupa kwenye dhahabu ya Chunya, walivuka kwenda migodi ya shaba ya Zambia, au walichukuliwa na Wenela, shirika la kuandikisha vibarua, kwenda migodi ya Afrika Kusini kabla ya uhuru. Mzee wa Rungwe anaweza kuwa na wimbo wa ujana wake katika Kibemba. Usimpelekee Morogoro Jazz kabla hujajua hilo.

Hatua ya tatu: tafuta nyimbo, na uzitunze zilizopo nyumbani

YouTube inazo nyingi za bendi. Tahadhari ni moja: nyimbo kadhaa zimepigwa upya miaka ya karibuni, kinanda kimechukua nafasi ya saksafoni. Mzee atasikia tofauti mara moja na atabaki anakosoa badala ya kukumbuka. Tafuta ile ya kwanza, hata kama ina mikwaruzo. Stendi na sokoni wapo wauzaji wa nyimbo kwenye memori kadi. Waambie jina la bendi, usiseme tu "zilipendwa", maana utapewa mchanganyiko wa kila kitu.

Hazina kubwa zaidi iko kwenye sanduku chini ya kitanda. Kanda za kwaya ya usharika, kanda za harusi, kanda za barua ambazo ndugu walitumiana wakati simu ilikuwa posta tu. Hizi zikifa, zimekufa. Fanya hivi.

Kabla ya kuingiza kanda kwenye mashine, vunja vile vijino viwili vya mgongoni kama bado vipo, ili asije mtu akabonyeza kurekodi juu yake. Itazame kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wa Rungwe na Mufindi ni jambo la kawaida. Usiicheze, itachafua mashine na kanda nyingine. Mpelekee fundi. Kama imetoka chumba cha baridi, iache sebuleni masaa kadhaa kwanza. Izungushe kwa penseli kuona kama utepe umenasa. Kanda za dakika 60 ni imara. Za dakika 120 utepe wake ni mwembamba na hunaswa haraka, hizo zicheze mara moja tu na uwe unarekodi.

Mashine nayo ina mambo yake. Betri zilizosahaulika ndani huwa zimemwaga maji, safisha vyuma kwanza. Kichwa cha kusomea kifute kwa pamba yenye spiriti. Na kama sauti inatoka nzito na ya kujivuta, kamkanda ka mpira ndani kamelegea; fundi redio anabadilisha kwa hela kidogo. Usipuuze hilo. Mzee akisikia sauti ya marehemu kaka yake imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa, atasema si yeye, na atakuwa sahihi.

Kuhamisha, tumia waya kutoka tundu la spika za masikio hadi kwenye kompyuta, hata ya mtu wa steshenari ukielewana naye. Programu ya Audacity haina malipo. Weka sauti ya mashine chini, kisha ipandishe taratibu hadi mawimbi yaonekane bila kugusa ukingo. Kanda ya dakika 90 itachukua dakika 90, hakuna njia ya mkato.

Hatua ya nne: kikao

Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti. Mavuno yamekwisha, watu wako karibu na moto, na mvua ni chache. Mvua nakuonya kwa makusudi: nyumba ya bati Tukuyu mwezi Aprili huwezi kurekodi chochote, utapata kelele tupu. Jioni mapema jikoni ni bora kuliko sebuleni, ambako mzee hukaa kama yuko kikaoni.

Salamu kwanza, kwa lugha ya kwao kama unaiweza. "Kamwene" kwa Wahehe na Wabena, "mugonile" kwa Wanyakyusa. Kaa chini kuliko yeye. Kama wewe ni mke wa mwanawe, kumbuka kwamba kwa Wanyakyusa wa zamani mkwe wa kike na baba mkwe hawakukutana uso kwa uso. Wapo wazee ambao mpaka leo hawatasimulia kwa raha mbele yako. Mtume mjukuu, wewe andaa maswali.

Mwenzake wa rika akiwepo, vizuri sana, watakumbushana. Ila kuna aina ya mtu ambaye kila sentensi anasema "siyo hivyo". Huyo mpe kazi nyingine, akachote maji.

Tumia redio ndogo au spika ya kawaida. Sabufa iache. Masikio ya wazee hupoteza kwanza sauti nyembamba, na hizo ndizo zinazobeba konsonanti. Ukiongeza besi anasikia mtikisiko tu. Simu ya kurekodia iweke juu ya kitambaa, karibu na mzee, ikiwa katika hali ya ndege ili isiite katikati. Na omba ruhusa kwa sauti, rekodi ikiwa inakwenda: "Bibi, naomba nirekodi ili watoto waje wasikie. Nikuzimie wakati gani?" Swali hilo la pili linampa mamlaka.

Hatua ya tano: cheza, zima, nyamaza

Kosa linaloharibu vikao vingi ni kuacha wimbo uendelee. Watu wanaweka orodha ya nyimbo ishirini na kuziacha zitiririke, mzee anatikisa kichwa, inakuwa sherehe. Sherehe si mbaya, lakini hukuja kwa hilo. Cheza kwa dakika moja au mbili. Mara tu uso wake ukibadilika, au akianza kuimba, punguza sauti taratibu hadi izime. Akiendelea kuimba peke yake mwache amalize, hata kama maneno yake si yale ya kwenye kanda. Maneno yake ndiyo waliyoimba wao.

Kisha nyamaza. Hesabu pumzi zako ukitaka, lakini usijaze kimya. Akikawia sana, uliza kuhusu mahali, siyo hisia:

"Bibi, wimbo huu ulikuwa unausikia ukiwa wapi?"
"Kwa Mwalimu. Tulikuwa tunakaa nje ya dirisha."
"Na nani?"
"Na dada yangu. Alikuwa na mtoto mgongoni, analia, mwalimu anafunga dirisha."

Hapo umeshapata dada, mtoto, mwalimu na dirisha. Fuata kimoja kimoja. Mtoto yule ni nani sasa? Ilikuwa msimu gani? Mlikuwa mmetoka kufanya nini? Mlirudi nyumbani kwa njia ipi? Mambo ya mkono, pua na miguu yanaleta mengine nyuma yake. Swali la "ulijisikiaje" linaleta "nilijisikia vizuri".

Usimpe jibu ndani ya swali. Ukisema, "Wimbo huu si ulipigwa kwenye harusi yako?", mzee mpole atakubali ili kukuridhisha, na mwezi ujao atasimulia harusi yenye wimbo huo kwa uhakika kabisa. Kumbukumbu hujengwa upya kila inapotolewa, na wewe unaweza kuitia tofali lisilo lake. Nyimbo tatu au nne kwa kikao zinatosha. Baada ya hapo mzee amechoka hata kama hasemi.

Hatua ya sita: wimbo ukichoma

Itatokea. Kwa watu wa Isimani, nyimbo za kusifu ujamaa zinaweza kurudisha Krismasi ya 1971, siku aliyouawa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisimamia ujamaa huko, na yaliyofuata. Kwa wengine ni kuhamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, au kaka aliyekwenda vita vya Kagera. Na kwa watu wenye umri wa miaka hamsini na sitini hivi wa Mbeya, nyimbo za miaka ya 1990 zinakuja na makaburi ya vijana wenzao, kwa sababu UKIMWI uliupiga mkoa ule vibaya.

Mzee akilia, usizime wimbo ghafla kama vile kuna jambo la aibu. Punguza, mpe maji, kaa naye. Uliza kama tuendelee. Akisema basi, ni basi, na usirudi kwenye wimbo huo mpaka yeye mwenyewe autaje. Simu izime, kilio chake si cha familia nzima.

Kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, sheria ni tofauti kidogo. Usimuulize chochote kinachohitaji jibu sahihi. Cheza wimbo asubuhi akiwa na nguvu, imba naye, shika mkono. Akikuita kwa jina la ndugu yake wa zamani, itikia.

Hatua ya saba: hakiki bila kumbishia

Mzee anaweza kuukumbuka vizuri uso wa mtu, lakini mwaka anakosea sana. Usimsahihishe pale pale. Andika, hakiki baadaye. Akikwambia alimwona Mbaraka Mwinshehe jukwaani baada ya vita vya Kagera, haiwezekani, kwa kuwa Mbaraka alifariki kwa ajali Mombasa Januari 1979 na vita vilikuwa bado vinaendelea. Huenda ni mwaka mwingine, au bendi nyingine iliyopiga nyimbo zake, na hilo nalo ni habari.

Majina ya bendi husaidia. Bendi ya wafanyakazi iliitwa NUTA Jazz tangu 1964, ikawa JUWATA baada ya CCM kuzaliwa 1977, kisha OTTU miaka ya 1990. Jina linalomtoka mzee bila kufikiri linakupa kipindi. Vifo vikubwa navyo ni vigingi: redio ilipopiga maombolezo ya Sokoine, Aprili 1984, na ya Mwalimu, Oktoba 1999, karibu kila mtu anakumbuka alikuwa anafanya nini. Kigingi kingine ni treni: kama alipanda TAZARA kwenda kusikiliza bendi Dar, ni 1975 au baadaye.

Hatua ya nane: andika na hifadhi

Andika usiku uleule, kabla hujasahau nani ni nani. Sentensi zake ziandike alivyozitamka, na pale alipoingia Kinyakyusa, Kibena au Kikinga ziache hivyo, tafsiri weka pembeni. Faili lipe jina linaloeleweka: tarehe ya kikao, jina la mzee, kijiji, wimbo. Majina kama "sauti ya 47" hayatamsaidia mtu.

Nakala ziwe tatu: kompyuta, flashi inayokaa nyumba nyingine, na moja mtandaoni. Kundi la WhatsApp la ukoo si mahali pa kuhifadhi, na usitume kitu humo kabla mzee hajakisikia chote na kukubali. Mengi aliyoyasema kuhusu shangazi na mashamba yalikuwa ya jikoni.

Nakala ya nne ni yake. Mwekee nyimbo zake tu kwenye memori kadi, kwenye karedio kanakocheza bila simu. Andika orodha kwa kalamu nene kwenye karatasi, namba na jina la wimbo, uibandike ukutani karibu na kitanda. Mwonyeshe kitufe cha kurudisha nyuma mpaka akibonyeze mwenyewe, kisha mwonyeshe na mjukuu anayelala naye, kwa sababu kadi ikichomoka ni yeye atakayeitwa saa tatu usiku.